Njia Ilifuata Maji, Barabara Kuu Huyakimbia

Kabla ya greda na kijiko, kabla hata ya reli, kulikuwa na njia iliyojulikana mpaka Unguja na Maskati: ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe palipo Tabora ya leo, ikashukia Ujiji ziwani. Ni kiasi cha kilomita 1,200 kwa miguu. Ukiichora kwenye ramani utaona inapindapinda, na mtu mwepesi wa kuhukumu atasema watu wale hawakujua njia ya mkato. Walijua. Kilichowapindisha ni maji. Kambi ya jioni ilikuwa ni kisima, kijito au bwawa, na msafara ulikwenda kutoka maji haya hadi maji yale.

Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara. Nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu na silaha. Kwenda bara walibeba nguo za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Kurudi pwani, pembe za ndovu. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Walitembea mmoja nyuma ya mwenzake, kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa na upana wa mguu tu. Mti ukianguka, hakuna aliyepoteza muda kuukata. Waliuzunguka, na msimu uliofuata ule mzunguko ndio uliokuwa njia. Kutoka Unyanyembe hadi pwani ilikuwa safari ya miezi miwili, mitatu, na mara nyingine zaidi.

Palipokuwa na nyika kavu, kama Marenga Mkali kati ya Mpwapwa na Ugogo, au Mgunda Mkali kabla ya kuingia Unyamwezi, walitumia mwendo ulioitwa tirikeza. Asubuhi watu walipika, wakala, wakanywa mpaka basi, wakajaza vibuyu. Saa sita juani wakajitwika, wakatembea hadi giza linaingia, wakalala pasipo na maji. Kabla hakujapambazuka wakaondoka tena, na jua lilipopanda walikuwa wamefika kwenye kisima cha pili. Kwa mpango huo umbali wa siku mbili ulivukwa kwa usiku mmoja tu wa kiu. Hiyo ni hesabu ya usafirishaji, tena hesabu nzuri.

Ugogo ndiko msafara ulikotozwa hongo, ambayo siku zile ilikuwa ushuru wa kupita: nguo kadhaa, shanga, waya, kwa kila mtemi ambaye eneo lake lilikatizwa. Wazungu waliopita kule waliandika kurasa kwa kurasa wakilalamika kwamba wananyang'anywa. Mimi naona walikosa jambo la msingi. Mvua ya Ugogo ni haba, na visima vilichimbwa kwenye michanga ya mito iliyokauka, vikafukuliwa upya kila kiangazi. Msafara wa mamia ya watu wenye kiu uliweza kukikausha kisima kwa jioni moja na kuwaacha wenyeji na ng'ombe wao bila tone. Aliyelipa hongo alikuwa analipia maji, na kwa maana hiyo, hongo ndiyo tozo ya barabara ya zamani kabisa tunayoweza kuieleza vizuri katika sehemu hizi.

Kwa nini hapakuwa na magurudumu? Mbung'o. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa mwaka 1876 na 1877. Ng'ombe walikufa kwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Mwaka 1877 William Mackinnon, tajiri wa meli, alianzisha barabara pana kutoka Dar es Salaam ikielekea Ziwa Nyasa. Ilifyekwa ikavuka kilomita 100, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikaachwa, na vichaka vikairudia. Barabara isiyo na vyombo vya kupita juu yake wala watu wa kuitunza haidumu hata misimu michache. Kilichoyashinda mapori kilikuwa reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa ilibaki katika ukanda uleule wa msafara. Injini za mvuke nazo zilihitaji maji.

Gari la mafuta liligeuza mambo. Halinywi kila jioni kama mpagazi, lakini ni zito, na uzito ule unapita kwenye udongo. Tangu hapo maji yakawa adui.

Aliyelisema hili kwa uwazi zaidi ni Mskoti John Loudon McAdam, aliyesimamia barabara za eneo la Bristol, Uingereza, kuanzia mwaka 1816. Warumi, tangu Via Appia ya mwaka 312 KK, walijenga kwa mawe makubwa na matabaka mazito, na wahandisi wengi waliowafuata waliamini kwamba nguvu ya barabara ni unene wa mawe. McAdam alikataa. Alisema kinachobeba gari ni udongo wa asili, na ukibaki mkavu utabeba uzito wowote wa barabarani. Kazi ya mawe ni kuufunika maji yasiingie. Kwa hiyo aliinua barabara juu ya ardhi ya pembeni, akaweka mawe madogo yaliyopasuliwa yenye kona kali, yanayoshikana yenyewe gari zikipita, unene wa sentimita 25 hivi, bila kuchanganya udongo. Lami haikuwepo bado. Ilikuja kushika yale mawe karibu karne moja baadaye, Edgar Hooley alipopata hataza ya mchanganyiko wake Uingereza mwaka 1902.

Ukilielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya uhandisi wa barabara. Lami ni paa. Watu wanalisifu paa jeusi linalong'aa siku ya uzinduzi, lakini barabara huishi au kufa kutokana na vilivyo chini na pembeni yake.

Tuanzie chini. Kwanza huondolewa udongo wa juu wenye mizizi na mboji, milimita 150 mpaka 200, kwa sababu mizizi ikioza huacha matundu. Kisha hupimwa udongo uliobaki. Kipimo kinachotawala ni CBR: udongo hushindiliwa ndani ya kopo la chuma, hulowekwa majini siku nne, halafu nondo ya chuma yenye kipenyo cha milimita 50 husukumwa polepole kuingia, na nguvu inayotumika hulinganishwa na ile ya kokoto ngumu iliyopewa alama 100. Zile siku nne majini ndizo zenye maana. Udongo mwingi ukiwa mkavu huonekana shujaa. Ukilowa huporomoka hadi 5 au 3. Mwongozo wa usanifu wa Tanzania wa mwaka 1999 huugawa udongo wa asili katika madaraja ya S3, S7 na S15, na namba hizo ni CBR ya chini inayotakiwa. Chini ya 3 udongo huo hauna daraja: unatolewa, au unapewa matibabu maalumu.

Juu yake huja matabaka ya kuuboresha, kwanza udongo wa CBR 7, kisha 15, halafu tabaka la msingi wa chini ambalo huwa ni moramu ya CBR 45 au udongo uliochanganywa na saruji, halafu msingi wenyewe, wa kokoto zilizosagwa au moramu nzuri iliyotiwa saruji. Kila tabaka kwa kawaida lina milimita 150 mpaka 200 baada ya kushindiliwa. Kadiri unavyopanda, ugumu wa ushindiliaji unaotakiwa unapanda pia: asilimia 93 ya ule wa maabara kwenye tuta, 95 kwenye matabaka ya kati, 98 kwenye msingi.

Hesabu za tabaka moja zinasaidia kuona kazi ilivyo. Chukua kipande cha mita 100, upana mita 7, unene milimita 150. Hizo ni mita za ujazo 105 zilizoshindiliwa, na udongo uliolegea huwa zaidi kwa karibu asilimia 30, yaani kama 136. Kwa lori la mita za ujazo 15 ni safari tisa, na kila rundo lipo mita 11 kutoka kwa jingine. Msimamizi mzuri hupima nafasi za marundo kwa futi kabla lori la kwanza halijainua bodi. Marundo yakiachwa yamwagwe kwa macho, greda litahangaika kuburuta udongo, kokoto kubwa zitajitenga na unga, na tabaka litakuwa na mistari ya mawe matupu.

Kisha maji, na hapa yanahitajika kwa kipimo. Tuseme udongo huo unashindilika vizuri ukiwa na maji asilimia 10, na umefika na asilimia 4. Uzito wake ni tani 210 hivi, kwa hiyo pengo la asilimia 6 ni lita 12,600: boza moja la lita 10,000 na robo ya jingine, na zaidi kidogo jua likiwa kali. Wazee wa kazi hupima kwa mkono. Unachukua konzi ya udongo, unaifumbata kwa nguvu, unafumbua. Donge linatakiwa libaki limeshikana na alama za vidole, kiganja kisilowe. Ukilivunja katikati, likatike vipande viwili. Likisambaratika, maji hayatoshi. Likinata mkononi, yamezidi, na rola ikipita tabaka litatetema mbele ya gurudumu. Tabaka linalotetema haliponi kwa kushindiliwa zaidi. Linachanwa kwa meno ya greda, linaachwa likauke, linaanzwa upya.

Rola ya mtetemo huanzia pembeni kuelekea katikati, mara sita hadi nane, kila njia ikipanda juu ya ile iliyotangulia. Baada ya hapo fundi wa maabara huchimba tundu la duara la milimita 150, hukusanya udongo wote uliotoka, mpaka chembe za mwisho kwa brashi, huupima, halafu hulijaza tundu kwa mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo unajulikana. Uzito wa mchanga ulioingia humpa ujazo wa tundu, na hapo anajua kama tabaka limefikia asilimia zake. Kipimo hiki ni cha nusu saa na kinaweza kusimamisha kazi ya siku nzima. Ndiyo maana ni hicho hicho hujaribiwa kurukwa.

Kama tabaka linatiwa saruji, hesabu huwa kali zaidi. Asilimia 4 ya tani 210 ni tani 8.4, yaani mifuko 168 ya kilo 50 kwa mita 100 tu. Mifuko hupangwa kwa miraba iliyochorwa kwa chokaa ili kila mfuko uwe na eneo lake. Tangu maji yaguse saruji, kuchanganya, kusawazisha na kushindilia vinatakiwa viishe ndani ya muda wa saa mbili. Ukishindilia baada ya hapo unavunja kile kilichoanza kushikana. Halafu tabaka linatunzwa unyevu siku saba, au linafunikwa kwa lami nyembamba. Lakini kosa ninaloliona ni baya kuliko yote ni la kujaza mabonde. Tabaka limekwisha kushindiliwa, mpimaji anakuta sehemu fulani iko chini kwa milimita 20, na mtu anamwaga udongo kidogo pale na kuupitishia rola. Kiraka hicho hakishiki na cha chini. Lami ikiwekwa juu, baada ya mvua moja au mbili inabanduka pamoja na hicho kiraka, na watu wanasema lami ilikuwa mbovu. Kanuni ni kwamba tabaka linawekwa juu kidogo na kukatwa, haliongezwi. Likiwa chini, linachanwa lote.

Msingi ukikamilika hufagiliwa mpaka mawe yaonekane, hunyunyiziwa maji kidogo kutuliza vumbi, kisha hupakwa lami laini ya MC-30 kama lita moja kwa mita ya mraba, inywe ndani. Husubiriwa siku moja mpaka tatu. Baada ya hapo ni lami nyepesi, yaani lami ya moto na kokoto za milimita 14 au 20, kisha lami tena na kokoto ndogo. Au lami nzito iliyochanganywa mtamboni. Kwenye lami nyepesi, adui ni vumbi kwenye kokoto, kwa sababu lami hushika vumbi na vumbi halishiki jiwe. Kwenye lami nzito, adui ni baridi. Inatoka mtamboni na nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, inafunikwa turubai, na kushindiliwa kunatakiwa kuwe kumekwisha kabla haijashuka chini ya nyuzi 90 hivi. Ikishindiliwa imepoa hubaki na matundu, na matundu hunywa maji. Kilomita moja ya upana wa mita 7 na unene wa milimita 50 hula tani zipatazo 820 za mchanganyiko, na ndani yake kama tani 41 ni lami yenyewe.

Sasa uzito. Novemba 11, 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na Zambia, ambayo shaba na mafuta yake yalipita kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda Dar es Salaam, kwa barabara ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa udongo. Malori yalibeba mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi, masika na kiangazi, na barabara ile ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika Tunduma. Leo barabara hiyo ina namba T1, na bado ndiyo mgongo wa mizigo ya Zambia na Kongo.

Barabara haihesabu magari, inahesabu ekseli, yaani mihimili ya magurudumu. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yaliendesha malori ya uzito tofauti juu ya vipande vya barabara mpaka vikafa, na yakaonyesha kwamba uharibifu hupanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya kulinganishia ni tani 8.2. Ekseli ya tani 10 inaharibu mara 2.2 ya hiyo. Ekseli ya tani 13 inaharibu mara 6.3. Yaani mwenye mzigo ameongeza asilimia 30, na barabara imelipa karibu mara tatu. Ekseli ya gari dogo yenye nusu tani ingelazimika kupita mara 72,000 kufikia pigo moja la ile ekseli ya tani 8.2. Anayedhani foleni ya magari madogo ndiyo inayomaliza lami hajaiona hesabu hii.

Ndiyo sababu ya mizani za Vigwaza, Makambako, Mpemba na nyinginezo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, 18 kwenye ekseli mbili zilizoambatana, 24 kwenye tatu, na gari zima lisizidi tani 56. Lori la ekseli sita kwa hiyo ni 8, 18 na 24, jumla 50. Madereva wengi hukwama si kwa jumla bali kwa mgawanyo: gari lina tani 49, halijavuka, lakini kontena limepakiwa mzigo mzito mbele na zile ekseli mbili za kuvuta zinasoma 20. Dawa ni kusogeza mzigo nyuma kabla ya kuondoka bandarini, kwa sababu kontena likishafungwa lakiri, mizani haina msaada.

Uzito ukichanganyika na mwendo wa polepole na joto, lami nzito hubonyea. Mlima Kitonga, barabara inapopanda kutoka bonde la Ruaha kwenda nyanda za Iringa, ni darasa la jambo hili. Lori lililojaa hupanda kwa gia ya chini kabisa, tairi linakaa juu ya sehemu moja kwa muda mrefu kuliko tambarare, jua limeipasha lami, nayo inatiririka polepole pembeni. Utaona mifereji miwili ya matairi na kingo zilizovimba. Hali hiyohiyo iko kwenye vituo vya mabasi, kabla ya matuta ya kupunguza mwendo na kwenye foleni ya kuingia mizani. Ukitaka kujua ugonjwa uko wapi, tazama umbo. Mfereji mwembamba wenye kingo zilizoinuka ni tatizo la lami yenyewe: imezidi, au ni laini mno, au matundu yake ya hewa yamekwisha chini ya asilimia 3. Bonde pana lisilo na kingo ni tatizo la matabaka ya chini, na mara nyingi pana maji. La kwanza linatibiwa kwa kukwangua lami iliyoharibika na kuweka mpya. Kumwaga lami juu ya mfereji bila kukwangua ni kuficha ugonjwa mpaka msimu wa joto ujao. Na mfereji si suala la starehe: mvua ikinyesha hushika maji, na tairi lenye mwendo hupanda juu ya maji hayo likaacha kugusa barabara.

Turudi kwenye maji, maana huko ndiko matengenezo yanakoshindwa. Uso wa lami huinama asilimia 2.5 kutoka katikati, yaani kwenye njia ya mita 3.5 ukingo uko chini kwa karibu sentimita 9. Barabara ya changarawe huinama mara mbili ya hapo, sentimita 17 au 18, kwa sababu uso wake hupitisha maji. Kutoka kilele cha barabara hadi sakafu ya mtaro wa pembeni panatakiwa pawe na angalau sentimita 75, ili maji ya mtaro yasirudi kupanda kwenye matabaka. Mtaro nao haubebi maji kwa kilomita nzima. Kila mita 20 hadi 50, kutegemea mteremko, hukatwa mchepuo wa kuyatupa shambani. Kalvati la mduara wa milimita 600 huziba mapema na hakuna mtu anayeweza kuingia kulizibua. La milimita 900 linazibulika kwa koleo. Liwe na mteremko wa kama asilimia 2 au zaidi kidogo, matope yasitue, na mdomo wa kutokea uwekewe mawe au nyavu za mawe, la sivyo maji huchimba shimo pale, shimo likarudi chini ya kalvati, na siku moja barabara nzima inakatika.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga mambo ni magumu zaidi. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Katikati ya barabara, chini ya lami, unyevu hautikisiki sana. Pembeni hupanda na kushuka kila mwaka, na nyufa ndefu hutokea karibu na ukingo, sambamba na safari. Hutolewa mpaka kina cha sentimita 60 au mita moja, hujazwa udongo usiovimba, mabega hupakwa lami nayo, na miti huwekwa mbali kwa sababu mizizi hunyonya maji kwa upande mmoja.

Yote haya yanahitaji ardhi, na ndipo ilipo maana ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mikoa. Kabla yake ilikuwa mita 22.5. Zile mita 7.5 za nyongeza ndizo zilizoleta alama za X ukutani: nyekundu kwa aliyeivamia hifadhi, kijani kwa aliyekutwa na sheria mpya na anayestahili fidia. Maumivu ya watu hapo ni ya kweli. Lakini mita hizo si ardhi tupu inayongoja upanuzi tu. Humo ndimo mtaro unamopita, na mchepuo, na mabomba. Mwenye duka anayemwaga kifusi mtaroni ili gari liingie kwake ameyafunga maji ya watu wote walio juu yake, na yatapita juu ya lami. Aweke kalvati chini ya kivuko chake, pana vya kutosha kusafishwa, na sakafu yake isizidi sakafu ya mtaro.

Lami yote hii tuliyoijadili ni sehemu ndogo ya mtandao. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, inasimamia zaidi ya kilomita 36,000, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, takriban 144,000, nyingi zikiwa za udongo na changarawe. Ndiyo maana mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya TARURA. Changarawe hupungua milimita 20 hadi 30 kwa mwaka, kwa hiyo tabaka la milimita 150 lina miaka mitano au sita likitunzwa. Ikiwa na udongo mfinyanzi mwingi huteleza; ikiwa na mchanga mwingi hujikunja mawimbi yanayotikisa gari zima.

Kosa la kawaida hapa halihitaji pesa kulirekebisha. Greda likipita kuchonga, huacha tuta dogo la udongo kwenye ukingo wa barabara. Mvua inaponyesha, maji yanafika pale, yanakosa pa kutokea, yanageuka kushuka na barabara yenyewe, na ndani ya masika moja gurudumu la kushoto lina korongo. Tuta hilo likatwe kwa jembe kabla ya mvua ya kwanza, kila mita 20 kwenye mteremko, upana wa koleo mbili, na maji yaelekezwe palipo na majani, mbali na msingi wa nyumba ya mtu.